Saa ya Mzamiaji Nyikani



Juma hili familia moja ya hapa Sekenke imetuuliza: je, mzee wao ana haki kukataa kuuza saa yake kuukuu ya mkono, ilhali mnunuzi amekuja kutoka mjini na fedha taslimu? Ni Seiko ya wazamiaji, ya mwishoni mwa miaka ya 1980, nzito, isiyotumia betri; hujijaza kwa mwendo wa mkono wa aliyeivaa. Vijana humcheka: bahari iko wapi huku Iramba?

Wanaocheka hawajaitazama vema. Saa hiyo imezungukwa na pete yenye alama za dakika. Mzamiaji huizungusha hata alama kuu ikutane na mshale wa dakika, naye husoma hapo muda aliokwisha kukaa majini. Pete huzunguka upande mmoja tu, ili ikigongwa kwa bahati mbaya imhimize mtu kurudi mapema, isimcheleweshe kamwe. Mzee aliinunua kwa mgawo wake wa kwanza wa uchimbaji. Mwenzake aliposhuka duarani, yeye aliyebaki juu na kamba aliizungusha pete. Muda waliopatana ulipotimia, alivuta kamba, hata kama aliye chini alikuwa ameanza kuona dhahabu. Maji na matope ya shimoni havikuidhuru.

Waliomwita mchoyo wamemwonea. Kama nyumbani kungekuwa na mgonjwa asiye na dawa, tungesema vingine. Lakini mgonjwa hayupo, na mtu anayeshukuru kwa chombo kilichowarudisha wenzake juu hajakifanya mungu.

Tukumbuke pia dhahabu yenyewe. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walitumia dhahabu ya Sekenke kufua huko Tabora sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000. Leo sarafu hizo hutafutwa na wakusanyaji, huhifadhiwa katika makasha yao, wala hazinunui hata chumvi. Saa ya mzee ingefuata njia hiyo hiyo. Ingefungiwa kabatini, na kwa kukosa mkono wa kuitikisa ingesimama baada ya siku mbili hivi.

Ada ya chuo ya mjukuu, ambayo ndiyo iliyoleta shauri hili lote, imekwisha kulipwa kwa mbuzi wanne. Mzee sasa anatafuta mkanda mpya, maana wa zamani umekatika.