Kipuri Kisicho na Jina Huangamiza Sauti

Wapo wasomi wanaodhani kwamba kutambua vipuri vya mashine kongwe za sauti ni kazi ya mafundi na wakusanyaji wa vitu vya kale, wala haimhusu mwalimu wa lugha. Dhana hiyo ina kasoro kubwa. Kutambua kipuri ni kukitenga na kingine kinachofanana nacho, na chombo cha kutengea ni jina.

Tuchukue mfano wa fonografu, mashine iliyobuniwa na Thomas Edison nchini Marekani mwaka 1877. Zile zilizotumia silinda za nta zilikuwa na vipuri viwili vya mviringo, vinavyokaribiana mno kwa umbo. Kila kimoja kilikuwa na kiwambo chembamba kinachotetema, na chini yake ncha ya kito. Kimoja huchonga sauti katika nta. Kingine huitoa sauti iliyokwisha kuchongwa. Tofauti yao imo katika ncha: ya kwanza ina makali, ya pili ni butu. Atakayekosea akakiweka kile cha kwanza juu ya silinda yenye sauti ataichonga nta upya, na maneno yaliyokuwamo yatafutika yasirudi.

Hasara hiyo si ndogo. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani, Karl Weule, alizuru kusini-mashariki mwa nchi ambayo leo ni Tanzania akiwa na fonografu, akanasa nyimbo za wenyeji katika silinda za nta. Sauti za namna hiyo ni ushahidi adimu wa matamshi ya wazee wetu kabla ya kuingia redio.

Je, Kiswahili kinaviitaje vipuri hivyo viwili? Wengi watajibu "kinasa sauti", jina lililokwisha kuzoeleka kwa mashine nzima, na hasa ile ya kanda ambayo hunasa na kutoa pia. Neno "kinanda" nalo limetwishwa mzigo mzito zaidi: ala ya nyuzi ni kinanda, ala ya kubofya ni kinanda, na gramafoni vilevile ni kinanda. Naona ni heri tufuate kazi ya kipuri badala ya umbo lake, tuseme "kichonga sauti" na "kitoa sauti".

Hata hivyo, tusikimbilie kuunda maneno ofisini kabla ya kumsikiliza fundi. Fundi wa saa anayo "kamani", ule utepe wa chuma unaokazwa kwa kutia ufunguo. Kamani ndiyo iliyozungusha santuri palipokuwa hapana umeme. "Kiwambo" kimetokana na kuwamba ngozi ya ngoma. "Ulanga" ni madini yenye matabaka maangavu yaliyotengenezewa viwambo vya gramafoni nyingi. Maneno hayo ni yetu. Kilichokosekana ni kuyakusanya.

Huenda mtu akauliza: ya nini taabu hii ilhali sauti zote zinaweza kutiwa katika kompyuta? Jibu ni kwamba kompyuta haisomi mfereji wa santuri. Sindano ndiyo isomayo. Santuri za mizunguko 78 kwa dakika, kama zile alizorekodi Siti binti Saad mjini Bombay mwaka 1928, zina mfereji mpana takriban mara tatu kuliko santuri za muda mrefu zilizotolewa kuanzia mwaka 1948. Asiyejua kutofautisha sindano zake ataipelekea kompyuta mikwaruzo, na huenda akaiharibu santuri yenyewe.

Basi walimu na wawatume wanafunzi kwa mafundi wazee wa saa, redio na gramafoni, wakiwa na kalamu na karatasi. Waandike jina la kila kipuri, kazi yake na mahali kinapokaa. Watunga istilahi na waanzie hapo. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.