Kabla ya Kumkemea Mtoto Anayecheza, Tumuulize Aliyeshika Simu



Sisi tuko bara, Makongolosi, wilaya ya Chunya, mji wa dhahabu na vumbi. Tunashona magauni ya harusi, tunauza vitenge na mabuibui. Leo hatukuleta mishono. Tumeleta neno, na litawauma baadhi yenu kama lilivyotuuma sisi.

Mnaikumbuka Machi 2020. Tarehe 17 serikali ilitangaza kufunga shule kwa sababu ya korona, na watoto wa shule za msingi hawakurudi darasani hadi 29 Juni. Wasichana wetu wakajaa barazani kati ya vipande vya vitambaa, na sisi tuna oda za watu. Tukafanya nini? Tukawapa simu. Tukaiegemeza kwenye cherehani, tukanunua bando, wakaanza kufundishwa kucheza na watu wasiowajua wala kuwaona. Baadaye mwaka huo ikaja Jerusalema ya Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini, dunia nzima ikaicheza, na wetu pia wakaicheza. Tukacheka, tukapiga vigelegele. Na tukarekodi.

Hapo ndipo tulipokosea. Kosa halikuwa la watoto.

Hatusemi kucheza ni dhambi. Masheikh wana maneno yao kuhusu ngoma na hatuwatangulii. Lakini madrasa sote tumesikia kisa cha siku ya Idi: wasichana wawili wakiimba na kupiga dufu nyumbani kwa Bibi Aisha, Sayyidna Abubakar akawakemea, na Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache. Furaha ya mtoto ina nafasi katika dini yetu. Na tazameni ilikuwa wapi: nyumbani, mbele ya watu wanaowapenda.

Nanyi watu wa visiwani mnalijua hili kuliko sisi. Marehemu Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini Unguja ilimjua pia kwa unyago. Somo hafundishi viuno tu. Anajua huyu bado mtoto, yule ni mwari, na huyu anaolewa wiki ijayo, na kila mmoja anapewa kinachomfaa. Anafunga mlango, na kinachochezwa ndani kinabaki ndani.

Simu haijui umri. Hatua ya bibi harusi na hatua ya mtoto wa miaka 8 inazitoa kwa bando lilelile. Wenye TikTok wenyewe wamesema asiyefika miaka 13 asifungue akaunti. Sasa hizo akaunti za watoto wetu, nani alizifungua kama si sisi?

Tena simu haioni anayefundishwa. Kipindi kile tulijaribu kumfundisha mwanafunzi wetu kukata nguo kwa WhatsApp, maana alikuwa amerudi kwao. Akatuma picha ya gauni, likapendeza. Aliporudi akalivaa mbele yetu, kwapa linabana na bega moja limepanda. Mkono ulihitajika pale, na pini. Kama gauni linahitaji mkono, mtoto je?

Hayo yote tungeyavumilia. Tusiloweza kuvumilia ni kwamba somo la simu halina mlango. Mtoto akishajua kucheza, kinachofuata ni kujirekodi na kuposti. Mwalimu anayemtaka mwanafunzi ajianike kwa watu asiowajua, nyumbani kwenu mngempokea?

Yalitufika. Binti wa mteja wetu, miaka 10, alicheza kwenye harusi ya wanawake watupu. Alicheza vizuri, kwa staha ya mtoto. Mama mmoja akamrekodi, akaweka stetasi. Baada ya siku mbili video ilikuwa machimboni, wanaume wanaitazama na kutoa maneno ambayo hatuyaandiki. Yule mtoto akaacha kwenda dukani, akaacha hata kucheza rede. Mama yake akaja kwetu kumshonea buibui, analia. Tulimpima yule mtoto kimya, hatukujua tumwambie nini. Mtoto ameadhibiwa, na mtu mzima mwenye simu amealikwa harusi nyingine.

Wapo watakaosema: basi watoto wasicheze kabisa. Dada zetu, mkiwakataza nyumbani watajifunza chooni, sauti wameipunguza. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu sasa unaenea kiganjani.

Wengine watatuambia mbona watoto wa Masaka Kids Africana, Uganda, wengi wao yatima, wanacheza kwenye simu na wamepata wafadhili? Kweli. Na Uganda shule zilifungwa karibu miaka miwili, hadi Januari 2022, hatumlaumu mtoto aliyejifariji kwa ngoma. Lakini wale wanacheza pamoja, uani mmoja, na watu wazima wako nao. Sisi tuliiga video, tukasahau yule mtu mzima.

Basi bibi harusi, harusi ni yako na sauti ni yako. Weka kapu la simu mlangoni, na mtu wa kulisimamia, shangazi asiyeogopa mtu. Atakayenuna anune. Huku kwetu tumeanza kushona vifuko vidogo kwa mabaki ya kitambaa cha gauni, kila mgeni anafunga simu yake na namba yake. Kwenye bajeti, ukiweka fungu la mapambo na la keki, weka la bibi mmoja anayejua, akae na wasichana wadogo Ijumaa mbili tatu kabla ya siku, awafundishe kucheza na kuwaambia mipaka. Mlipeni. Mpambaji mnamlipa.

Na yakitokea tena maradhi ya kutufungia ndani, bibi aliye mbali apige simu ya sauti tu, aimbe, apige makofi. Hatua amfundishe mtoto yule aliye naye chumbani: mama, dada, shangazi. Kama hatujui kucheza, tujifunze pamoja naye, tuchekwe.

Yule binti sasa ni mkubwa, shule anasoma. Mwezi uliopita kulikuwa na harusi jirani, simu zote kapuni. Alikaa ukutani muda mrefu, analitazama lile kapu. Kisha akainuka.

Hakuna video. Mtatuamini tu.