Chagua Nyuzi kwa Mkono Wako

Wenzangu hupenda kuniambia, “Mchagua jembe si mkulima.” Kwao raketi ni raketi tu, na nyuzi ni nyuzi. Mimi nasema methali hiyo ni ya kumkemea mvivu, wala si ya kumzuia mkulima asipime mpini.

Mwaka jana nilitoa akiba yangu yote nikanunua nyuzi za poliesta, kwa sababu nilisikia kwamba mabingwa huzitumia. Ni kweli. Gustavo Kuerten wa Brazil alishinda nazo mashindano ya Ufaransa mwaka 1997, na wengi wakamfuata. Lakini sikuuliza sababu. Uzi huo ni mgumu na mtelezi. Ukiguswa na mpira husogea, kisha hurudi mahali pake upesi, na mpira hutoka ukizunguka sana. Faida hiyo huipata mtu apigaye kwa nguvu nyingi. Mimi hupiga polepole, nikimrudishia mwenzangu mpira mpaka achoke. Nilizikaza kilo 26. Baada ya wiki tatu kiwiko kiliniuma hata kalamu ikanishinda, na mitihani ilikuwa karibu.

Ndipo nilipojifunza. Nyuzi zilizolegezwa kidogo huurusha mpira mbali. Zilizokazwa huutuliza uende utakako, lakini nguvu lazima zitoke mkononi. Uzi mwembamba huushika mpira vizuri, ila hukatika upesi, mnene hudumu. Nyuzi za utumbo, ambazo Pierre Babolat alianza kuzitengeneza Lyon, Ufaransa, mwaka 1875, ni laini kuliko zote, lakini bei yake ni kubwa na mvua huziharibu, nasi twaijua masika yetu. Za nailoni ni rahisi, na mkono huzivumilia. Sasa natumia hizo, kwa kilo 24, na kiwiko kimepona. Tena hapa Kobero tuko juu milimani. Hewa ni nyepesi, na mpira hukimbia kuliko pwani. Aliyezoea kucheza Dar es Salaam asishangae akiona mpira wake unavuka mstari: na akaze kilo moja zaidi.

Najua wengine watasema, “Sisi hata mipira haitutoshi, tutachaguaje nyuzi?” Nawajibu kwamba maskini ndiye apasaye kuchagua. Tajiri akikosea hununua nyingine. Sisi tukikosea raketi hutundikwa ukutani mwaka mzima.

Nanyi wanafunzi wa zamani, mnaotukumbuka kwa vifurushi kutoka Bujumbura na ng’ambo ya mpaka, twawashukuru sana. Lakini msitutumie nyuzi za mabingwa. Tutumieni nailoni. Wadogo wetu wanaoanza mchezo wana miaka 13, na mifupa yao ingali inakua. Wakiumia viwiko leo, kesho hamtapata wa kuwashindania kombe mliloliacha hapa.