Cheti cha gari kinaanzia karakana, si kwenye kompyuta



Wiki hii naweka kando habari za maandalio ya somo na stori za boom kuchelewa. Nataka tuongee kuhusu viwanda vya magari. Najua kuna watakaosema mwalimu mtarajiwa na magari wapi na wapi. Nivumilieni kidogo.

Iko hivi. Kule Ulaya gari jipya haliingii barabarani hivi hivi. Kwanza aina ya gari hupimwa na kuidhinishwa na mamlaka. Baada ya hapo kila gari la aina ile linalotoka kiwandani linapewa cheti cha ulinganifu. Yaani mtengenezaji anasema: gari hili, lenye namba hii ya chesisi, ni sawasawa na lile mlilolipitisha. Uzito, vipimo, ekseli, injini, matairi, moshi, vyote vimeandikwa. Miaka yote cheti hicho kilikuwa karatasi. Sasa Sheria ya Umoja wa Ulaya namba 2018/858, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2020, imeweka tarehe 5 Julai 2026 kuwa mwanzo wa kutoa taarifa hizo kielektroniki. Na siyo kupiga picha ile karatasi ukaituma kwa barua pepe, hapana! Kila taarifa inakaa kwenye chumba chake, ili kompyuta ya nchi moja isome cha nchi nyingine bila mtu kuandika upya.

Sasa ukisikia "kidijitali" unadhani maandalizi ni kununua programu na kuajiri kijana wa IT. Mimi nabisha. Kazi kubwa iko chini, kwa fundi anayefunga boliti. Kama jana walifunga tairi za saizi moja na leo zimekuja za saizi nyingine, na hakuna aliyeandika, hiyo programu itatoa uongo uliopangwa vizuri.

Sisi wanafunzi tunalijua hili kuliko mtu yeyote. Ukiomba mkopo, mfumo haujali kwamba wewe ndiye wewe. Cheti cha kuzaliwa kikiandika jina hivi na cha kidato cha nne kikaliandika vile, umekwama. Kosa halikutokea siku ya kujaza fomu mtandaoni, lilitokea miaka kumi na kitu nyuma, karani alipoandika jina kwa kusikia. Kompyuta imelianika tu.

Kwa magari, jina ni namba ya chesisi. Kwa utaratibu wa kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na herufi I, O na Q hazitumiki kabisa, zisije zikachanganywa na 1 na 0. Angalia umakini huo! Lakini magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani, ambayo ndiyo yamejaa mtaani kwetu, yana namba fupi zaidi. Kwa hiyo hata huo mfumo wetu ukija lazima ujue kwamba wageni wake wana majina ya aina mbili.

Mtauliza, ya Ulaya yanatuhusu nini? Yanatuhusu. Tanzania nayo inaunganisha magari. Kibaha kuna GF Vehicle Assemblers, na hapo hapo Kibaha kuna Nyumbu, waliotengeneza lori la Kitanzania tangu enzi za Mwalimu. Acha hao, kuna wanaounganisha pikipiki na toyo za mizigo kutoka kwenye makasha, na mafundi wa kuchomelea mabodi. TBS wapo tangu 1975, viwango si jambo geni.

Halafu tazama milima yetu. Toyo au bodaboda inashuka kutoka Mgeta na kabichi na karoti, au Kinole na mikungu ya ndizi. Kona, mteremko, matope. Breki pale siyo mapambo. Ikiisha, dereva akienda dukani anaambiwa "lete ile ya zamani tulinganishe". Mwenye duka hana pa kuangalia chombo kilitoka na breki gani. Na mzigo wa mwisho ni kilo ngapi? Anajua aliyeuza, au hata yeye hajui. Sasa siku ikigundulika kwamba kundi moja la breki ni bovu, kiwanda kitawapataje waliofungiwa breki hizo? Bila orodha, atakayegundua ni dereva, tena kwenye mteremko.

Kuna hoja ya upande wa pili na naiheshimu: karakana ndogo ikibebeshwa masharti ya Ulaya itafungwa, na vijana watakosa ajira. Ni kweli. Ndiyo maana sisemi tunakili sheria yao. Nasema waanze na vitu visivyo na gharama kubwa. Namba moja kwa kila chombo, iliyogongwa ikagongeka. Rekodi moja ya kilichofungwa: breki, tairi, uzito, na kundi la vipuri vilikotoka. Kikibadilishwa kipuri kwenye laini, aandike yule yule aliyebadilisha, siku ile ile, siyo bosi mwisho wa mwezi kwa kukumbuka. Hata daftari la mistari linatosha kuanzia. Siku kanuni zikija, atakayekuwa na daftari safi atahamisha taarifa tu. Wengine watakuwa wanabuni.

Na serikali ikitengeneza mfumo, isiishie kwa ofisa wa forodha. Kama leo mtu anaangalia deni la trafiki kwa simu, basi mnunuzi wa Nyandira naye aweze kuingiza namba ya chesisi na kuona chombo chake kiliruhusiwa kubeba kilo ngapi. Cheti asichoweza kukisoma anayeendesha kinamsaidia nani?

Nawasilisha. Wenye kubisha, hasa wa uhandisi, uwanja ni wenu.