Usiniulize cc Ngapi

Kijana wa mjini akisema anataka kuachana na pikipiki ndogo anunue kubwa, swali la kwanza atakaloulizwa ni "cc ngapi?" Ataulizwa na rafiki, na fundi, na binamu aliyewahi kuishi Dubai, hata na shangazi asiyejua klachi iko mkono upi. Mimi natafuta pikipiki hiyo mwaka huu, ya kunitoa Mbezi hadi Mlimani na kunirudisha, jua liwake au mvua inyeshe, na nimeshaulizwa mara za kutosha kunitia hasira. Nasema wazi: swali hilo ni baya. Linatufilisi, na wengine wetu linatuua.

Tuanze na kile ambacho cc inasema. Ni ujazo wa silinda, ile nafasi ambamo petroli na hewa huchomwa. Haikwambii pikipiki itasimama baada ya mita ngapi. Haikwambii kama nyayo zako zitagusa lami ukiwa umekwama kwenye foleni, wala kama spea zake zinapatikana Kariakoo. Hata nguvu yenyewe haikwambii sawasawa. Royal Enfield Himalayan ya kwanza ilikuwa na cc 411, nguvu za farasi 24 hivi na uzito wa karibu kilo 200. KTM 390 Duke, yenye cc pungufu ya hizo, ina nguvu za farasi zaidi ya 40 na ni nyepesi kuliko Himalayan. Anayechagua kwa cc angesema ya kwanza ndiyo kali. Akipanda ya pili kwa imani hiyo, akaivuta mafuta kama alivyozoea kuvuta Boxer, atajuta kabla hajafika taa za Ubungo.

Simwambii mtu abaki na pikipiki ndogo. Haja ya kubwa ni ya kweli. Barabara ya Morogoro ina malori na mabasi ya mikoani yanayokwenda kasi, na pikipiki ya cc 125 iliyobeba mtu na begi lake ikianza kupanda kilima haina akiba tena. Umeshavuta mafuta yote, na nyuma yako basi linapiga honi. Upepo wake likikupita unakusukuma pembeni kama karatasi. Katika hali hiyo unahitaji akiba ya nguvu, fremu imara, tairi pana na taa inayomulika kweli. Lakini vyote hivyo unavipata kwenye pikipiki nzuri ya cc 200 hadi 400. Zaidi ya hapo, kwa mtu anayetoka kwenye cc 125 na anayetaka kufika kazini, unalipia kitu ambacho mji huu hauna nafasi ya kukitumia.

Na ni mji huu, si mwingine. Ushauri mwingi tunaousoma na kuutazama kuhusu kuendesha mwaka mzima unatoka nchi za baridi. Wanazungumzia mishikio inayopashwa moto na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Mwaka mzima wa Dar es Salaam ni masika ya Machi hadi Mei, vuli ya Oktoba hadi Desemba, na katikati yake joto la Januari na Februari. Masika ni Jangwani iliyojaa maji, ni shimo lililojificha chini ya dimbwi, ni mchanga uliosombwa na kutandazwa juu ya lami kwenye kona. Ni zile dakika za kwanza za mvua, wakati oili iliyokauka barabarani inapoelea na lami inateleza kama sabuni. Kiangazi nacho, injini ya silinda nne ya cc 600 ikikwama kwenye foleni ya saa saba mchana, feni yake inakupulizia moto mapajani. Na aishiye Kigamboni au Msasani ana hewa ya bahari inayokula cheni na bolti bila kuuliza bei ya pikipiki.

Watetezi wa cc wana hoja moja inayostahili jibu. Wanasema nguvu huokoa: ukiona hatari, unavuta mafuta, unatoka. Hoja hii ni tamu masikioni, lakini kuna uchunguzi mkubwa unaoipinga. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali za pikipiki zaidi ya 900 ambazo waliziendea kuzichunguza zilipotokea, Los Angeles na vitongoji vyake. Waligundua kwamba katika ajali za kugongana na magari, takribani theluthi mbili zilisababishwa na dereva wa gari kumnyima mwendesha pikipiki haki yake ya njia. Kasi ya katikati ya pikipiki kabla ya hatari ilikuwa chini ya kilomita 50 kwa saa. Na mwendeshaji wa kawaida alikuwa na muda usiofika sekunde mbili wa kufanya lolote.

Zipime sekunde mbili hizo hapa kwetu. Daladala limesimama kituoni, ghafla linachomoka bila indiketa. Bajaji inageuza mbele yako. Abiria anafungua mlango wa gari upande wa barabara. Utavuta mafuta uende wapi? Mbele ndiko hatari iliko. Kinachokuokoa ni breki, na macho yaliyoona mapema. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha kwamba waendeshaji wengi waliopata ajali walikanyaga mno breki ya nyuma, wakateleza, na breki ya mbele hawakuitumia ipasavyo, ilhali ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha pikipiki.

Basi swali la kwanza lingekuwa la breki. Ina diski mbele? Ina ABS, ule mfumo unaozuia gurudumu lisijifunge ukibana breki kwa hofu? Gurudumu la mbele likijifunga kwenye lami yenye maji, uko chini kabla hujajua. Nchi nyingine zimeacha kulifanya hili suala la hiari. Umoja wa Ulaya umetaka ABS kwenye pikipiki mpya za zaidi ya cc 125 tangu 2017, na India ikafuata kwa pikipiki zake zote mpya za kiwango hicho kuanzia Aprili 2019. India ndiko zinakotoka pikipiki nyingi tunazoziendesha. Ulinzi ambao mtu wa Pune anaupata kwa sheria, wa Dar anapaswa kuutafuta mwenyewe. Na muuzaji huleta kile kinachoulizwa dukani. Tukiendelea kuuliza cc, tutaletewa cc. Hapa ndipo swali letu linapoacha kuwa suala la mnunuzi mmoja na kuwa la mji mzima.

Mfumo wa leseni nao unafikiri kwa cc, na hautusaidii sana. Daraja A1 ni la pikipiki za chini ya cc 125. A ni la zinazozidi hapo. Maana yake, pikipiki ya cc 150 na ya cc 1000 zimewekwa kapu moja. Ulaya, kati ya ndogo na zisizo na mpaka kuna ngazi ya katikati, A2, yenye kikomo cha kilowati 35. Sisi ngazi hiyo lazima tujiwekee wenyewe kwa akili, kwa kuwa hakuna atakayetuzuia kuiruka.

Sasa pesa. Boxer iliyotunzwa vizuri hupita kilomita 40 kwa lita. Pikipiki ya silinda nne ya cc 600 kwenye foleni ikifika nusu ya hapo imejitahidi. Tairi zake ni ghali na huisha haraka. Ikianguka ikiwa imesimama tu, plastiki za ubavuni zinavunjika, na unaanza kusubiri mzigo kutoka nje. Pikipiki iliyolala uani ikisubiri spea haikupeleki kazini, hata iwe na cc 1000. Pesa iliyookolewa kwenye injini ina kazi nyingine: kofia ngumu nzuri inayofunika uso wote, jaketi, glovu, viatu vinavyofunika kifundo, koti la mvua. Mapitio ya Cochrane ya tafiti za kofia ngumu yalikadiria kwamba hupunguza hatari ya kifo kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hakuna ongezeko la cc linalotoa ahadi ya namna hiyo. Lakini tunamwona mtu juu ya pikipiki ya mamilioni, kichwani kavaa kofia ya bei ya chakula cha mchana, kamba haijafungwa.

Kwa nini basi, kama hesabu ziko wazi hivi? Kwa sababu cc haihusu usafiri. Inahusu kutofananishwa na bodaboda. Msomi akipanda pikipiki ya cc 150, mtu kituoni atampungia mkono amwambie "Nipeleke Sinza, buku mbili." Mama atauliza kama digrii zote hizo zilikuwa za kuja kubeba abiria. Cc 600 yenye rangi ya kung'aa na mlio wa kuamsha mtaa inamaliza mkanganyiko huo. Hicho ndicho tunachokinunua, na tunakiita usalama, tunakiita uimara, tunakiita barabara kuu.

Mimi naona aibu hiyo haitustahili. Yule dereva wa bodaboda tunayemkimbia anajua ni dimbwi lipi la Tabata lina shimo na lipi halina. Anaweza kukisia kwa mkao wa magurudumu kwamba daladala linataka kutoka. Yuko barabarani kutwa nzima, na wodi za mifupa zinajaa wenzake, si kwa sababu injini zao ni ndogo. Ni kwa sababu breki ni duni, tairi zimekwisha, hesabu ya tajiri lazima itimie jioni, na hakuna aliyelipia mafunzo. Kinachomuua yeye kitatuua na sisi kwenye lami hiyo hiyo. Tukinunua cc kumkwepa, tunaongeza kasi tu, na kasi ikiwa mara mbili nguvu ya kishindo huwa mara nne.

Kwa hiyo nikiingia dukani nitakaa juu ya pikipiki kwanza, nione kama nyayo zote mbili zinagusa chini. Nitaisukuma kwa mkono, nirudi nayo nyuma, maana ndivyo nitakavyofanya kila siku kwenye maegesho. Nitauliza ABS. Nitauliza bei ya klachi, ya pedi za breki na ya tairi, na nani anazo leo, si mwezi ujao. Nitatazama shokapu kama zinahimili matuta na mashimo, na upana wa usukani kama unapita katikati ya magari mawili ya Mwenge. Nitatenga pesa ya vazi kabla sijataja bei ya chombo. Yakipatikana hayo yote, cc zake zitakuwa zile zitakazokuwa. Na mtu akinipungia mkono kituoni akidhani mimi ni bodaboda, nikiwa naelekea njia yake na nina kofia ya pili, nitampakia bure.