Hivi, Tairi Lako Limetoka Wapi?

Jamani, hawa wapanda baiskeli wa milimani wana maswali! Nenda wanakokutana wale wa mbio za mteremko, Fort William kule Scotland au Les Gets, Ufaransa. Utasikia: mpira laini au mgumu? Ubavu una tabaka mbili? Linashika kwenye mizizi iliyolowa? Maswali ya maana kabisa, maana tairi likiteleza bega linavunjika. Lakini swali moja hulisikii: nani aligema mpira huo, na alilipwa nini?

Ukiuliza, unaambiwa usilete siasa kwenye mchezo. Siasa? Tairi la upepo lilipata umaarufu kupitia baiskeli, baada ya Dunlop kulisajili mwaka 1888. Ulaya na Marekani zikaulilia mpira, na Kongo ya Mfalme Leopold ikalipa. Wanakijiji walipangiwa kiasi cha kuleta, wake zao wakashikwa mateka, watu wakakatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliyaeleza hayo. Waliokuwa wakijipigia pedali London nao walitaka mchezo tu.

Utasema hiyo ni historia. Haya, tuje karibu. Septemba 2025 forodha ya Marekani ilizuia baiskeli na vipuri vya Giant vilivyotengenezwa Taiwan, ikitaja dalili za kazi ya kulazimishwa, zikiwemo wafanyakazi kufungwa na madeni. Giant ilisema itaomba amri hiyo iondolewe. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 dhidi ya bidhaa zinazoteketeza misitu inagusa mpira pia, lakini utekelezaji wake umeshasogezwa mbele mara mbili. Nani ana haraka?

Wengine wanajificha nyuma ya lebo: "Mimi nanunua lililotengenezwa Ujerumani." Vizuri, mfanyakazi wa kiwandani ana sheria za kumlinda. Lakini mti wa mpira hauoti Ujerumani! Mpira mwingi unatoka kwa wakulima wadogo wa nchi kama Thailand na Indonesia.

Kisingizio cha mwisho ni bei. Tupige hesabu basi. Fair Rubber ni chama cha Ujerumani ambacho wanachama wake hulipa nyongeza ya senti 50 za yuro kwa kila kilo ya mpira mkavu. Tairi la mteremko lina kama kilo 1.3, na humo mna nailoni na mpira wa petroli pia. Hata lingekuwa utomvu wa mti mtupu, nyongeza isingefika yuro moja. Tairi lenyewe linauzwa zaidi ya yuro 50! Schwalbe ni mwanachama wa chama hicho. Sisemi ni malaika, nasema inawezekana.

Simwambii mtu ateremke na tairi lililoisha meno. Weka laini mbele, unakohitaji kushika. Nyuma weka gumu zaidi, linadumu. Usitupe tairi zima kwa sababu limetoka jipya. Na kabla ya kutoa pesa, muulize muuzaji, mwandikie mtengenezaji: mpira huu umetoka wapi? Akinyamaza, amekujibu.

Au wewe msomaji unaonaje? Yuro moja ni nyingi sana kwa mtu aliyenunua baiskeli ya maelfu?