Nimechagua Ilala, Msituambie Tuhamie Chanika



Vijana wa Dar tunaimbiwa wimbo mmoja kila siku. Eti kijana mwenye akili anachukua kiwanja Chanika au Chamazi, anapandisha tofali kidogo kidogo, ndio maisha. Aliyepanga Uswahilini anaonekana hajajitambua. Mimi nimepanga Ilala, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: kibaraza mbele, korido katikati, uani nyuma. Nimechagua mwenyewe, na ninautetea uchaguzi wangu.

Sokoni natembea. Hospitali ya Amana natembea. Kariakoo kwenye riziki yangu natembea, nusu saa nimefika na sijadaiwa nauli. Mwenzangu wa Chanika anaamka saa kumi alfajiri, anagombania daladala, na usiku anarudi watoto wamelala. Piga hesabu ya nauli ya mwaka mzima, jumlisha na hizo saa. Hilo ni deni ambalo dalali wa viwanja hakukuandikia kwenye mkataba.

Halafu kuna uani. Mtaalamu akipita na kishikwambi chake anaona msongamano. Sisi uani ndiko tunakofua na kupika, watoto wanacheza mbali na bodaboda, na mama wa chumba cha pili anakaanga vitumbua vya kuuza. Mtoa mkaa nje ya ghorofa ya nane nimwone! Siipambi nyumba yangu: choo tunachangia, na mvua kubwa ikipiga mtaro unafurika. Lakini mtaro ni kazi ya serikali. Nyumba haina kosa.

Hapa ndipo siasa inapoingia. Mkoloni aliitenga Ilala iwe upande wa Waafrika, kwa ubaguzi wake, lakini alijua kwamba mfanyakazi lazima akae karibu na kazi. Watawala wetu hata hilo limewashinda. Pesa za mafao ya wafanyakazi zikapelekwa Kigamboni, kwenye mradi wa Dege wa NSSF uliopangwa kuwa na nyumba zaidi ya 7,000. Ukasimama 2016, yakabaki magofu. Pesa ile ingechimba mitaro mingapi Ilala na Magomeni?

Huku mjini nyumba za zamani zinaondoka moja moja, yanapanda maghorofa. Kariakoo ndiko yalikoanzia. Novemba 2024 moja liliporomoka pale na kuua watu zaidi ya 25. Mtu akihoji usalama wa maghorofa anaambiwa anapinga maendeleo. Sawa, basi maendeleo yaje na mkaguzi.

Na mpangaji je? Sheria iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005. Tangu hapo ni wewe na mwenye nyumba wako: anataka miezi sita mkononi, na siku akipata mnunuzi unafungasha virago. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU. Nani ananunua umeme kwenye nyumba ya kupanga? Mimi na wewe. Yaani jengo tunalilipia kodi, lakini likiuzwa hatuna hata haki ya kuulizwa.

Kuna watakaosema nyumba ni mali ya mtu, auze atakavyo. Auze, hatumzuii. Lakini mtaa hauko kwenye hati yake. Barabara, mtaro, kivuli cha mwarobaini na usalama wa jirani ni vyetu wote.

Kwa hiyo tudai sheria ya upangaji yenye notisi ya kueleweka na mwisho wa kukusanya kodi ya nusu mwaka kwa mkupuo. Tudai kila kibali cha ghorofa kibandikwe ofisi ya mtaa kabla nyumba haijavunjwa, tukione na tukihoji. Tudai mitaro, taa na njia za waenda kwa miguu kwenye mitaa ya zamani kabla ya kupimiwa mapori mapya.

Kamanda, mkutano wa mtaa ukiitishwa usiwaachie wazee na wajumbe wa chama tawala peke yao. Nenda na daftari. Uliza nani kauza, nani kaidhinisha, na mtaro unachimbwa lini. Wakikwepa, andika majina na tarehe, kisha turushieni hapa.